Kabla hujagusa nidli, toa tangi kwanza

Wadau wa helikopta za rimoti, hili naliongea kwa uchungu maana injini nzima kabisa zinakufa kwa kosa lilelile. Injini ya naitro, ile inayokunywa mchanganyiko wa methanoli, naitromethani na oili, ikianza kusumbua tu, mtu kashika bisibisi, anazungusha nidli ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini (ukiifungua yanaongezeka, ukiifunga yanapungua), kliki mbili huku tatu kule, na tangi hajaligusa tangu alinunue. Msimamo wangu ni mmoja: njia ya mafuta inakaguliwa kwanza, kuanzia ndani ya tangi mpaka kabureta, ndo uje kwenye nidli.

Yangu ni ya saizi 50, yaani injini ya kama cc 8. Ilinitesa wiki tatu. Tangi likijaa inaruka safi, moshi mweupe unaonekana nyuma, mlio umetulia, yakifika nusu tu mlio unapanda unakuwa mkali, moshi unapotea, halafu inazima hewani. Mara mbili nimeishusha injini imezima, panga zinazunguka kwa upepo tu, mikono inatetemeka. Kila mtu uwanjani ananiambia ongeza mafuta, nikafungua nidli mpaka ikawa tangi likijaa injini nzito inakohoa, na nusu tangi inazima vilevile.

Siku nilipotoa tangi nikavuta ule mpira wa ndani, wenye kile kichuma kizito mwishoni kama chubwi la mvuvi, nikaukunja kwenye mwanga. Tundu. Dogo kama limetobolewa na sindano, palepale mpira unapovaa kibomba cha shaba, ukingo wa kibomba ulikuwa mkali ukaukata. Mafuta yakiwa juu ya tundu injini inakunywa mafuta, yakishuka chini yake inavuta hewa. Nikasugua ule ukingo, nikaweka mpira mpya usiofika urefu wa kiganja, nidli nikairudisha ilipokuwa mwanzo, na ikamaliza tangi zima.

Kupima ni kama fundi pancha tu: ziba upande mmoja wa mpira, pulizia kwa bomba la sindano, zamisha kwenye beseni la maji. Tangi nalo hivyohivyo, maana presha ya ekzosi ndo inayosukuma mafuta, ikivujia kwenye kizibo injini inapata kidogo hata nidli iwe sawa. Na tangi lisigusane na fremu, weka sponji, mtetemo unayafanya mafuta yatoe povu. Mi naona kila helikopta ya naitro iwe na katangi kadogo ka pili kabla ya kabureta, mapovu yanaishia humo.

Hayo yakiwa sawa ndo ushike nidli, na uanze na mafuta mengi kuliko inavyotaka, ufunge kliki moja moja huku unaangalia moshi. Injini hizi oili yake imo ndani ya mafuta, kwa hiyo ukibana sana umeinyima mafuta na oili kwa pamoja, pistoni na slivu, yaani silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, ndo vinalipa. Ukitua, zima, gusa kifuniko cha nyuma cha injini: kidole kikivumilia sekunde chache uko salama, ukikitoa palepale fungua nidli. Silensa, yaani injini ikinguruma taratibu bila kuvutwa, nayo ina kipimo chake, minya mpira wa mafuta kwa vidole. Ikizima hapohapo mafuta ni machache, ikipandisha mzunguko sana ndo izime yamezidi, unachotaka ni ipande kidogo izime baada ya sekunde mbili tatu.

Na tafadhali msipeane namba za kliki! Ya Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, mafuta yanayohitajika ni machache, ukishuka nayo Dar bila kufungua nidli unaiunguza injini siku ya kwanza.

Jambo jingine kwa sisi wa pwani, methanoli iliyomo kwenye mafuta inanyonya unyevu wa hewani. Galoni likiachwa wazi mafuta yanaharibika, na yakibaki kwenye injini beringi zinashika kutu. Mi nikimaliza kuruka namwaga tangi lote, nawasha injini iunguze yaliyobaki kwenye mpira mpaka izime yenyewe, natia matone machache ya oili, nafunika.