Eti Wahame

Juzi kazini, hapa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, jamaa mmoja anapasha moto supu yake anasema: "Kama maisha huko ni magumu hivyo, si wahame?" Huko ni Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, kwao Wainuit, wenyeji wa nchi ya barafu. Tulikuwa kwenye habari ya mafuta mazito ya meli. Nilinyamaza kwa heshima. Heshima imeisha.

Nunavut ina vijiji na miji 25, na hakuna barabara ya kukutoa mmoja kukufikisha mwingine. Mzigo mzito huja kwa meli, miezi michache barafu ikiachia. Rafiki yangu muuguzi alifanya kazi Mittimatalik, kijiji kimojawapo, akanitumia picha za siku ya meli: tishari limesogezwa hadi ufukweni, watu wanabomoa makreti ya mbao kwa nyundo, ndani nepi na karatasi za chooni za mwaka mzima. Mwaka mzima! Mimi chumvi ikiniishia nashuka dukani na kandambili.

Sasa hayo mafuta. Ni masalia ya kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, mazito hadi yapashwe moto ndipo yatiririke. Yakimwagika kwenye maji ya baridi yanafanya mabonge na kujipenyeza chini ya barafu. Nani atayafuata huko? Masizi yake yakitua kwenye theluji, theluji inakunywa jua na kuyeyuka. IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, iliyapiga marufuku Antaktika, ncha ya kusini, mwaka 2011, kusiko na mwenyeji hata mmoja. Pengwini hongereni. Aktiki, huku ncha ya kaskazini, wanakoishi watu, marufuku ilisubiri hadi 1 Julai 2024, nayo ina matundu kama chekeche: meli ambayo matangi yake ya mafuta yana ukuta wa pili imesamehewa hadi Julai 2029, na nchi za pwani ile zinaweza kuzisamehe meli zenye bendera zao hadi siku hiyohiyo.

Utetezi wa misamaha hiyo? Eti wenyeji wataumia kwa bei. Haya, shingo upande nakubali: mafuta safi ni ghali, na asipotokea wa kufidia, atakayelipa ni bibi anayenunua unga. Lakini meli inayokatiza na shehena ya matajiri inambebea bibi unga gani? Wenyewe wanajua kuzitofautisha. Februari 2021 wawindaji wa Mittimatalik na Arctic Bay walifunga barabara na uwanja wa ndege wa mgodi wa chuma wa Mary River, kwenye baridi ile, kupinga upanuzi ambao ungeongeza meli wanakopita narwali, wale nyangumi wenye jino kama mkuki. Narwali kwao ni kitoweo, si picha ya kalenda. Na walewale ndio wanaongojea meli ya nepi.

Kwa hiyo Ottawa ilipe tofauti ya bei kwa meli za mahitaji, nyingine zote zibanwe sasa hivi.

Na wewe wa supu: mwaka 1953 serikali ya hapahapa ilizichukua familia za Wainuit kutoka Inukjuak, Quebec, ikaenda kuzitua Resolute na Grise Fiord, kaskazini zaidi, Nunavut hiihii ya leo. Ilikuja kuomba radhi 2010. Walipelekwa kwa meli.