Kijana Asiyesema Kiswahili Bado ni Mkongo?

Katika familia nyingi za Wakongo zilizopelekwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996, wazazi wanalalamika kwamba vijana wao wanaulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mara nyingi lalamiko hilo huishia kwenye hukumu: kijana huyu amepotea, si Mkongo tena. Kwa maoni yangu, lalamiko lina uzito mkubwa, lakini hukumu haina msingi.

Wanaoitetea lugha ya wazazi hawasemi kwa hisia tupu. Mwaka 1991 mtafiti Lily Wong Fillmore alichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusu zaidi ya familia 1,000 nchini Marekani, akaonyesha kwamba watoto walioanza kusomeshwa kwa Kiingereza wakiwa wadogo sana mara nyingi waliiacha lugha ya nyumbani kabla wazazi wao hawajajua Kiingereza cha kutosha. Madhara yake huonekana wazi ujanani. Kijana wa miaka 15 ana maswali kuhusu mapenzi, imani na ubaguzi anaokutana nao shuleni, lakini Kiswahili alichobaki nacho ni cha chakula na kazi za nyumbani. Mama naye ana mengi ya kumwonya na kumfariji, ila hana lugha ya kuyafikisha. Hasara hiyo ni ya kweli, na hakuna mwalimu wala mshauri wa shule anayeweza kuifidia.

Hata hivyo, kupungua kwa lugha si lazima kufuatane na kupungua kwa utambulisho. Wanasosholojia Alejandro Portes na Rubén Rumbaut walianza mwaka 1992 kuwafuatilia zaidi ya vijana 5,000 wa familia za wahamiaji huko San Diego na kusini mwa Florida. Walipowahoji tena kuanzia mwaka 1995, waliopendelea Kiingereza walikuwa wameongezeka, na bado huko San Diego wengi zaidi kuliko awali, hasa wenye asili ya Mexico, walijitambulisha kwa taifa la wazazi wao. Katikati ya mahojiano hayo, Novemba 1994, wapiga kura wa California walikuwa wamepitisha Pendekezo la 187, lililokusudia kuwanyima wahamiaji wasio na vibali elimu na huduma nyingine za umma, ingawa baadaye mahakama ilizuia sehemu zake kubwa. Vijana waliojiona wanalengwa walishikamana na asili yao kwa nguvu zaidi, hata Kiingereza kilipozidi kupendelewa.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Dar es Salaam imejaa Wachagga na Wazaramo wasioweza kuzungumza lugha za bibi zao, na hakuna anayewazuia kukaa kwenye kikao cha ukoo. Isitoshe, familia nyingi za Nyarugusu ni za Wabembe, kabila la mashariki mwa Kongo, na Kiswahili kinachodaiwa leo kuwa ndiyo asili yenyewe kilikuwa tayari kimekibana Kibembe vinywani mwa watoto waliokulia kambini. Ikiwa lugha ndiyo kipimo cha kabila, basi baadhi ya wazazi nao wangeshindwa mtihani wanaouweka.

Kwa hiyo sababu bora ya kukilinda Kiswahili ni mazungumzo ya nyumbani, na sababu hiyo inabadilisha namna ya kukifundisha. Kijana anayesahihishwa kila neno, anayechekwa lafudhi na binamu zake walioko Fizi, huko Kongo, kwenye simu, na anayeambiwa na wasemaji wa Kiswahili sanifu kwamba "batoto", yaani "watoto" kwa Kiswahili cha Kongo, ni kosa, huchagua kunyamaza. Mzazi anayetaka kusikia yaliyo moyoni mwake itambidi akubali sentensi inayoanza kwa Kiswahili na kumalizikia kwa Kiingereza, kisha ajibu kwa Kiswahili chake kamili, bila kumkatiza.