Siku Niliyomwagia Maji Nguo Kavu za Bibi

Mimi si mtu wa kubishana na kipimo. Nesi akisema presha imepanda, nameza dawa. Fundi akichomoa kijiti cha oili akasema imepungua, nalipa. Kwa hiyo kile kidude kiliponiambia waya wangu ni mrefu, nilichukua plaizi nikaukata. Matokeo yake, bibi mwenye nyumba alikaa siku tisa bila kuniita "mwanangu".

Kidude chenyewe kinaitwa NanoVNA. Kinaenea kiganjani, kina kioo cha inchi 2.8 cha kubonyeza kwa kidole, na kazi yake ni kupima antena. Zamani kipimo cha aina hii kilikaa maabara na bei yake ungenunulia gari. Halafu mwaka 2016 hivi Mjapani mmoja mpenda redio akabuni hiki kidogo, na ilipofika 2019 Wachina walikuwa wanakifyatua kama maandazi, kwa takriban dola 50. Sisi wa redio ya ridhaa tukapagawa. Mimi nilikula maharage mwezi mzima, na sijuti.

Kinavyofanya kazi ni hivi: kinapeleka wimbi dogo mno kwenye waya wako, kisha kinasikiliza kinachorudi. Ni kama mtu anayepiga hodi kila mlango wa mtaa. Masafa ambayo antena inayapenda, hodi inaitikiwa, wimbi linaingia ndani halirudi. Yasiyopendwa, wimbi linarudishwa kwa aliyelituma. Kwenye kioo unaona mstari unateremka kama bonde pale antena ilipokaribisha, na namba ya SWR, ile inayoonyesha wimbi linarudi kiasi gani, inakaribia 1. Ikifika 3, robo ya nguvu yako inarudi nyumbani, na redio ya siku hizi ikiona hivyo inajipunguza yenyewe kwa kuogopa kuungua.

Kuna na ile chati ya Smith, namna nyingine ya kuonyesha kinachorudi, ambayo Mmarekani Phillip Smith aliichapisha mwaka 1939, duara lililojaa viduara na vipinde. Bibi alipoiona mara ya kwanza alisema, "Hii si kawa hii?" Nilitaka kumsahihisha, nikaitazama tena. Ni kawa. Tangu siku hiyo sijaweza kuiona kama kitu kingine, na kila nikiifungua nawaza kuna wali chini yake.

Basi. Naishi Tanga, chumba kimoja, nyumba ya kupanga. Leseni yangu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo, ishara yangu ya kujitambulisha hewani inaanza na 5H, na redio yangu ni ya mkono wa pili, wati 100. Kilichokosekana ni antena ya megahezi 7. Hesabu ya dipoli, yaani antena ya waya wenye pande mbili sawa, ni nyepesi: chukua 143, gawa kwa masafa. Kwa 7.1 unapata mita 20 na kidogo, yaani mita kumi kila upande. Desturi ni kuanza na waya mrefu zaidi, upime, upunguze. Nami nikakata mita 10.30 kila upande, waya wa umeme wa milimita 1.5, ule mgumu wa kufungia nyumba.

Ijumaa jioni nikausimamisha. Katikati ya ua nikachimbia mwanzi wa mita sita, waya ukatoka kileleni ukashuka pande mbili: ncha moja karibu na jiko la nje, nyingine kwenye mpapai, zote mbili usawa wa kichwa cha mtu. Mwanzi ulikuwa unayumba, nikatafuta kamba ya kuukaza. Nikaona moja ya katani, nzuri, ndefu, imefungwa tu kutoka nguzo hadi nguzo pale uani haina kazi. Nikaifungua. Hapa Tanga kamba ya katani si kitu cha kumwulizia mtu.

Jumamosi saa sita mchana nikakaa chumbani na kidude changu. Dirisha langu linatazama uchochoroni, uani sikuoni. Nikakalibreti, yaani nikakisawazisha kwanza, kama kitabu kinavyotaka, vile vifuniko vitatu vidogo vya dhahabu dhahabu: cha wazi, cha shoti, cha omu 50. Nikaunga kebo ya antena. Bonde likatokea, zuri, lakini liko 6.72.

Nikashangaa kidogo. Kwa hesabu yangu nilitegemea 6.9 na ushee. Lakini mimi ni nani nibishe? Kipimo kimesema. Nikapiga hesabu: sentimita 55 kila upande zitoke. Baada ya magharibi nikatoka na tochi mdomoni, nikakata kulia, nikakata kushoto, nikafunga upya ncha zote, nikalala kama mfalme.

Jumapili asubuhi nikapima. 7.33.

Nikakalibreti tena. 7.33. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha kiunganishi. 7.33. Hiyo iko nje kabisa ya eneo letu, ambalo linaishia 7.2. SWR kwenye 7.1 ilikuwa inakaribia 4. Nikatoka kutafuta vile vipande nilivyokata nivirudishe, nikamkuta mjukuu wa bibi anasukuma gari lake la waya, usukani mpya kabisa, mrefu, shaba inang'aa kwenye ncha.

"Umetoa wapi waya huo?"

"Uliutupa, mjomba."

Ni kweli niliutupa. Nikasema Jumatano nitapita dukani ninunue mita moja. Jumatano mchana nikarudi nyumbani kula, nikasema ngoja nipime tu kabla sijatoa hela.

7.09. SWR 1.3.

Wasomaji, niliruka. Antena imejirekebisha! Nikajitungia na nadharia hapo hapo: waya mpya, shaba inahitaji siku chache "kukaa". Nikampigia picha rafiki yangu wa Moshi, ambaye yuko kwenye redio tangu mimi navaa kaptula, nikamtumia. Akajibu kwa neno moja, "Hongera." Jioni hiyo hiyo nikampata bwana mmoja wa Muscat, Mwomani mwenye Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu, mawimbi yake yanakuja kama yuko Pangani. Nilianza naye mapema kabla giza halijaingia, tukaongea dakika kumi, tukaahidiana Jumamosi saa kumi na moja jioni, naye atakuja na wenzake wawili.

Alhamisi asubuhi: 7.33.

Huu mji una msemo wake, waja leo waondoka leo. Sikujua kwamba unahusu na megahezi. Nikamwandikia tena yule wa Moshi, nikamweleza kwa kirefu, nikamalizia kwamba nahisi nimeuziwa kidude feki. Akanijibu: "Antena haina miguu. Angalia nani anatembea."

Nikaona ananikejeli.

Jumamosi asubuhi niliamua kukilinda. Nikakiweka mezani kikipima mfululizo, mimi na chai yangu, macho kwenye kioo. Bonde liko 7.33, limetulia. Mara nikasikia huko uani, *pwaa!*, kama kitambaa kinakung'utwa. Bonde likasogea kushoto. 7.30. Nikaweka kikombe chini. *Pwaa!* 7.25. Nikahesabu kimoyomoyo. *Pwaa!* 7.19.

Nikatoka mbio.

Bibi alikuwa kwenye ncha ya mpapai, vibanio mdomoni, beseni miguuni, anaanika shuka la nne. Kwenye ncha ya jikoni tayari kulikuwa na mashuka matatu yanachuruzika, na pembeni kanga yake, maandishi yametazama chumbani kwangu: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Na hapa lazima nikiri kitu. Nguo zile niliwahi kuziona. Jumamosi iliyopita nilizipita, Jumatano nilizipita. Lakini mtu aliyekulia nyumba za kupanga haoni nguo zilizoanikwa uani, anazipita kama hewa. Na ncha za dipoli ndiyo pahali pabaya kuliko pote pa kuning'iniza kitu kilicholowa, kwa sababu huko ndiko volti inakopanda. Shuka lenye maji pale ni sawa na kuongeza waya. Nilikuwa nimepima waya pamoja na ufuaji wa nyumba nzima, kisha nikaukata ufuaji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, huo waya si wa nguo."

Akatoa vibanio mdomoni, kimoja kimoja. "Na ya nguo iko wapi?"

Nikatazama mwanzi. Bibi akatazama mwanzi. Kamba yake ya katani ilikuwa imeukaza vizuri sana, mafundo matatu.

"Nimeamka Jumamosi iliyopita sina kamba," akasema, "nakuta mwanangu kanifungia mpya ya shaba, haina kutu, haichafui nguo. Nikasema, Mungu ampe mke mwema."

Baada ya maneno hayo ungemwambia nini? Nilimsihi tu asiuguse nikiwa napiga redio, kwa sababu wati 100 kwenye ncha zinaunguza kidole. Akasema kwani yeye anafua usiku? Tukaishia hapo. Na moyoni nikapiga hesabu ya kijinga: mashuka yakiwa juu antena iko 7.1, jioni nina watu wa Muscat, waya dukani nitanunua Jumatatu. Kwa nini nijisumbue?

Saa kumi na nusu nikaunga redio. Bibi alikuwa ameshakwenda kwenye shughuli ya arusi mtaa wa pili. Nikapima kwanza: 7.31.

Jua. Nilikuwa nimesahau jua la Tanga. Mashuka yamekauka, yanapepea kama bendera za chama.

Saa kumi na dakika hamsini. Nikachungulia uani, hakuna mtu. Nikachota ndoo bombani. Nikachukua kopo. Nikaanza na shuka la mpapai, nikalimwagia taratibu kutoka juu, ulalo kwa ulalo, kama mtu anayemwosha mtoto. Nikakimbia chumbani: 7.26. Nikarudi na ndoo ya pili, nikamaliza upande wa jikoni. Chumbani: 7.17. Kidude hakina uvivu, kila kopo kinalihesabu. Nikachomoa kebo kwenye kidude, kwa sababu wati 100 zikiingia mle ni maziko, nikaichomeka kwenye redio. SWR 1.9. Inafaa.

"Muscat, Muscat, hapa Tanga."

Akaja, safi! Wenzake nao wakaja. Nikasalimia mmoja, nikasalimia wa pili, wa tatu akaniuliza natumia antena gani. Wakati namjibu nikaona sindano ya SWR kwenye redio inapanda: upepo wa bahari ulikuwa umeanza, na upepo wa jioni unakausha kuliko jua. Nikasema, "Nisubirini dakika moja, naenda kurekebisha antena," nikafyatuka na ndoo ya tatu.

Nilikuwa nimelikumbatia shuka la nne kwa mkono mmoja, kopo limeinuliwa kwa mkono wa pili, kanga ya bibi imenigubika kichwa, niliposikia nyuma yangu udi na asmini. Harufu ya mtu aliyetoka arusini.

Sikugeuka.

"Wewe," akasema. Hakusema mwanangu. "Unafanya nini?"

Akili ilikimbia ikarudi mikono mitupu. "Namwagilia, bibi."

Kimya. Maji yanadondoka, to, to, to. Na kutoka dirishani kwangu, kwa sauti ya Unguja ya heshima kabisa, ikitokea umbali wa kilomita zaidi ya elfu tatu na nusu: "Tanga, Tanga, tunakusubiri sheikh wangu. Mawimbi yako sasa yamekuwa mazuri sana. Umefanya nini?"

Bibi alilitazama dirisha, akanitazama mimi, akaitazama ndoo. Kisha akamshika mjukuu wake mkono, na gari lake la usukani mrefu, wakaingia ndani. Usiku ule nilisikia jinsi nyumba isiyo na shuka kavu inavyolala.

Jumatatu nilinunua waya na kamba ya manila mita 25, ya bluu, nene. Nikaurudisha waya sentimita 30 kila upande, ukakaa 7.11 na haukutikisika wiki nzima. Kamba niliifunga mwenyewe, ncha hadi ncha, nikanunua na vibanio dazeni mbili. Bibi alipita akaivuta kidogo kwa kidole, akasema "Haya," akaenda zake. Shikamoo zangu zilikuwa zinajibiwa, lakini "marahaba" tupu, bila mkia.

Jumatatu iliyofuata, siku ya tisa, nilikuwa chumbani nacheza na kidude. 7.11, bonde limetulia kama maji ya mtungini. Nikasikia uani, *pwaa!*, mara moja tu.

7.07.

Nikangojea ya pili. Haikuja. "Mwanangu," bibi akaita kutoka uani, "chai iko tayari." Sikutoka kwenda kuangalia ni nini kimeanikwa. Shuka lingeshusha zaidi ya hapo. Ilikuwa kanga, na niliijua ni ipi.