Mwachieni Kijana Ufunguo wa Sanduku

Tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa mlezi wa kikundi cha vijana huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, na katika miaka hiyo nimefikia msimamo mmoja ambao sioni haya kuutetea mbele ya yeyote: kijana hawezi kujiamini kwa sababu tu ameambiwa ajiamini. Huanza kujiamini siku anapokabidhiwa jambo la kweli, jambo ambalo akiliharibu wenzake wataumia, na watu wazima waliomkabidhi wakajizuia kumpokonya hata pale wanapomwona anababaika.

Nasema hivi kwa kuwa kazi nyingi za kuwajenga vijana mitaani zimekuwa za kuwakalisha kwenye viti. Kuna wakati vijana wetu walialikwa kwenye semina ya siku tatu kuhusu stadi za maisha. Ukumbi ulikuwa mzuri, wawezeshaji walikuwa wazungumzaji hodari, nauli ilirudishwa na vyeti vikatolewa, na siku ya mwisho kila kijana alisimama akatamka mbele ya wenzake kwamba anaweza. Jumatatu iliyofuata nilimkuta mmoja wao, kijana wa miaka 19, amesimama nje ya ofisi ya serikali ya mtaa akiwa na cheti chake ndani ya bahasha. Alitaka barua ya utambulisho, lakini alikuwa ameshindwa kuingia kwa sababu hakujua aanze vipi kuzungumza na mtendaji. Waandaaji wa semina ile walikuwa na nia njema, nami siwalaumu kwa nia yao. Ninachowalaumu ni kwamba katika siku zote tatu hawakumpa kijana yule nafasi hata moja ya kuzungumza na mtu mwenye mamlaka juu ya shida yake mwenyewe.

Mfano ninaourudia kila ninapozungumza na walezi wenzangu ni wa Mathare, bonde lenye mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akiishi jijini humo, alishirikiana na vijana wa bonde lile kuanzisha ligi ya mpira iliyokua na kuwa Mathare Youth Sports Association, ambayo wengi wanaiita MYSA. Mathare ya wakati huo ilikuwa na marundo ya takataka yaliyoziba mitaro, kiasi kwamba mvua ikinyesha maji machafu yalikosa pa kwenda. Ligi ikawekewa kanuni ambayo kila nikiifikiria naona hekima yake: timu inayofanya usafi wa mtaa hupewa alama, na alama hizo huingia kwenye msimamo wa ligi pamoja na zile zilizopatikana uwanjani. Maana yake ni kwamba timu inaweza kufunga mabao mengi na bado ikapitwa na wenzao walioshika beleshi na reki Jumamosi asubuhi.

Watu wakitaja MYSA hukimbilia Mathare United, klabu iliyozaliwa humo mwaka 1994 na kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, au humtaja Dennis Oliech aliyepitia klabu hiyo kabla ya kwenda kucheza Qatar na Ufaransa. Ni sifa za haki. Lakini mimi huwafikiria zaidi wale ambao majina yao hayakuandikwa gazetini, yaani vijana waliochezesha mechi wakiwa waamuzi, waliopanga ratiba, waliowanoa wadogo zao, na waliokaa kwenye mabaraza ya kanda zao kuamua mambo ya ligi. Kijana anayepuliza filimbi akaonyesha penalti huku wachezaji wamemzunguka kwa hasira, asirudi nyuma, amejifunza kitu ambacho mimi niliyefundisha darasani zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kukifundisha kwa chaki. Isitoshe, kujitolea kwake hakupotei bure: viongozi vijana hujikusanyia alama kwa kazi wanayoifanya, na alama hizo huweza kuwapatia ada ambayo hulipwa moja kwa moja shuleni.

Hapa Mbagala hatuna ligi ya namna hiyo. Tuna sanduku la spana, pampu mbili za upepo, chumba tulichoazimwa na mzee mmoja wa mtaa, na vijana 23 ambao wengi wao hutengeneza bodaboda. Mwanzoni ufunguo wa sanduku nilikaa nao mimi, na kila asubuhi vijana walinisubiri nimalize chai. Nilipompa ufunguo yule kijana wa barua ya utambulisho, baadhi ya wazee waliniambia vifaa vitaisha ndani ya mwezi. Spana mbili zilipotea kweli. Jioni aliyogundua hasara hiyo alisimama mbele ya wenzake, sauti ikitetemeka, akasoma kwenye daftari jina la kila aliyechukua kifaa siku ile na saa aliyokirudisha. Spana moja ilipatikana, ya pili wakachangishana kuinunua. Miezi michache baadaye aliingia mwenyewe katika ofisi ya mtaa, tena kwa niaba ya kikundi kizima.

Mweka hazina wetu ni binti wa miaka 18. Siku moja ya mahesabu alinitazama moja kwa moja mbele ya wanachama wote akasema, "Shikamoo mwalimu. Samahani, bado kuna shilingi 3,500 ya sabuni na grisi uliyonunua wewe, risiti yake sijaiona." Chumba kizima kilinyamaza. Nilipekua mifuko, nikaikuta risiti imekunjwa ndani ya shajara, nikampa, naye akaibandika kwenye daftari bila kuongeza neno. Niliporudi nyumbani nilimsimulia mke wangu kwa furaha ambayo sikuweza kuificha, kwa sababu binti huyu alipojiunga nasi alikuwa akijibu maswali akiwa ameinamisha kichwa.

Kuhusu mabinti kuna jambo ambalo watu wa miradi hulipita haraka mno. Mikutano yetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, muda unaowafaa mafundi wanapofunga kazi, na kila wiki wasichana walikuwa wawili au watatu. Tulidhani hawana hamu. Binti mmoja ndiye aliyetueleza kwamba saa hiyo wako kwenye foleni ya maji au jikoni, na kwamba hakuna mama atakayemruhusu mwanawe kurudi gizani. Tulihamishia mkutano Jumamosi saa nne asubuhi, nikazunguka kwa wazazi nyumba hadi nyumba, na ndani ya muda mfupi wakafika tisa.

Ujuzi wenyewe nao unahitaji kutambuliwa, kwa kuwa fundi aliyejifunza chini ya mwembe anajua injini lakini hana karatasi ya kumwonyesha mwajiri. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi wa aina hii, na ninawasihi walezi wenzangu wawapeleke vijana wao huko.

Ipo pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kisheria hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni haki ya vijana, na nimeona vikundi vikiikosa kwa sababu mtu mzima mmoja ndiye aliyeandika katiba, ndiye aliyejaza fomu, ndiye aliyezungumza, hata afisa alipowauliza wanachama biashara yao inaingiza kiasi gani kwa wiki wakabaki wanatazamana.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yetu kuonana na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Niliwasindikiza hadi mlangoni, kisha nikakaa nje kwenye benchi, ingawa moyo ulitaka kuingia. Walikaa ndani zaidi ya saa nzima. Walipotoka walikuwa wakibishana kuhusu kifungu cha katiba walichotakiwa kukirekebisha, binti mweka hazina akisema kiandikwe upya chote, kijana wa ufunguo akisema neno moja tu linatosha, na walinipita pale kwenye benchi wakaendelea na hoja yao hadi kituoni.