Kuku wa Bendera

Mke wangu aliona picha kwenye simu: sebule ya watu, rafu imetulia, na chini yake vibao viwili vya mti vya kuchongwa vimetokeza ukutani kama mikono inayobeba sinia. Akataka vile vile hapa Bombo, Uganda, aweke tabaga zake, vile vifuniko vya chakula vya kusukwa vya Kinubi. Mnubi humwambii tabaga akaziweke uvunguni.

Nikapanda taksi hadi Ndeeba, Kampala. Nikamwambia mchongaji anitafutie mvule, na kwenye kila kibao achonge kichwa cha korongo, yule wa bendera yetu. Wiki mbili baadaye nikakabidhiwa kuku. Kuku kamili, tena mdomo umepinda.
"Taji liko wapi?"
"Mzee, si hili hapa," akagusa kishungi cha jogoo.

Mvule wenyewe haukuwa na kosa, mzito, mchwa hawauwezi. Kosa lilikuwa mimi. Fundi wa kuvipachika alitaka elfu hamsini, nikaona nina nyundo yangu. Misumari minne kila kibao, ya inchi mbili. Rafu ikakaa, tabaga zikapanda, mke akapiga kigelegele.

Jumapili akaja shangazi kutoka Mbarara na mkungu wa matoke, ule wa kubebwa na watu wawili. Mimi nilikuwa chooni, mke jikoni. Shangazi hapendi matoke yalale sakafuni. Akatazama huku na huku, akaona mdomo wa kuku. Nikimlaumu nitakuwa mwongo, mdomo ule ulikuwa unaita. Akautundika mkungu kwa kamba ya mgomba.

Nilisikia kishindo, nikatoka mbio suruali mkononi. Plasta imebanduka eneo la mswala mzima, tabaga moja inabingirika kuelekea barabarani, kuku amelala kifudifudi juu ya matoke. Shangazi amesimama katikati, mweupe kwa vumbi.
"Mwanangu, huyu kuku wako mbona hana nguvu?"

Jirani, mwashi wa zamani, alikuja kulitazama tundu. Akaniambia kibao cha kubeba mzigo huachiwa mkia mrefu, ukazamishwa ndani ya ukuta, matofali ya juu yakaukalia. "Wewe umegongelea plasta," akasema. "Plasta ni poda tu, mwanangu."

Tulikula matoke siku nne. Kuku wa pili bado yuko ukutani, na chini yake mke wangu amebandika karatasi: SI KULABU. Shangazi anarudi Idi, na bila miwani hasomi.