Ua au hana? Istilahi za sanaa ya Kijapani katika Kiswahili

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu noo, tamthilia ya kale ya Kijapani, au ushairi wa Kijapani hufika mapema kwenye njia panda: istilahi kama hana, ma na yugen aziache zilivyo, au azitafutie maneno ya kwetu? Wanaotaka ziachwe wanahofia kwamba neno la Kiswahili litaingia na mizigo yake. Wanaotaka zitafsiriwe wanajibu kwamba neno geni humtisha msomaji na kulivika jambo la kawaida joho la fumbo. Kila upande una haki yake, ila si kwa kila neno.

Tuanze na hana, yaani ua kwa Kijapani. Zeami Motokiyo, mwigizaji na mtunzi wa noo aliyezaliwa mnamo 1363 na kufariki mnamo 1443, aliandika mafunzo ya sanaa yake kwa ajili ya warithi tu, na maandishi hayo yakabaki siri kwa karne kadhaa hadi mengi yalipochapishwa mwaka 1909. Katika Fushikaden, mojawapo ya maandishi hayo, anaita hana ile hali ya mwigizaji inayomfanya mtazamaji aone jambo jipya na la kuvutia. Mvulana wa miaka 12 au 13 ana hana ya kupita, kwa kuwa sura na sauti yake peke yake zinapendeza. Sauti ikibadilika, imekwisha. Kinyume chake ni Kan'ami, baba yake Zeami, aliyefariki mwaka 1384 akiwa na miaka 52. Siku chache kabla ya kufa aliigiza kwenye hekalu la Sengen huko Suruga, akiwaachia vijana sehemu kubwa ya mchezo na kujibakizia machache mepesi. Na bado, mwanawe anasimulia, hana yake haikupukutika, kama mti mkongwe uliobakiwa na matawi machache lakini umechanua.

Sasa, kwa Mjapani hana ni ua tu, lile la bustanini. Ukiandika “hana” katika sentensi za Kiswahili, kupukutika na kuchanua vinakosa mshiko, na msomaji anadhani Zeami alibuni dhana ya kifalsafa ilhali alichukua neno ambalo kila mtoto analijua. Hoja ya upande wa pili, hata hivyo, si ya kupuuzwa: katika ushairi wetu ua ni mpenzi, na msomaji aliyelelewa na mashairi ya mahaba atamwona mwanamke pale Zeami alipokusudia ufundi. Mimi ningetafsiri, nikaongeza sentensi moja ya tahadhari. Ma nayo ni neno la kila siku, lenye maana ya nafasi au mwanya, kama ule ukimya kati ya pigo moja la ngoma na jingine, na sioni sababu ya kulitukuza.

Yugen ni kesi nyingine. Ni neno la wasomi lililotoka Uchina, na hata Wajapani wenyewe walilipokea likiwa geni. Mshairi Kamo no Chomei, aliyefariki mwaka 1216, alilifananisha na jioni ya majira ya majani kupukutika, anga halina rangi wala sauti, na machozi yanakutoka bila kujua kwa nini. Karne mbili baadaye, kwa Zeami, limeelemea zaidi kwenye umaridadi wa watu wa ikulu. Ukitafsiri “fumbo” umempoteza Zeami. Ukitafsiri “umaridadi” umempoteza Chomei. Hapa libaki yugen, mradi tuambiwe ni yugen ya nani.

Kuna pia mahali ambapo jina linatafsirika na kitu chenyewe kinagoma. Kakekotoba inakaribiana sana na jinasi: neno moja linabeba maana mbili, na mara nyingi linafunga kifungu kimoja huku likifungua kingine. Katika mchezo wa noo uitwao Matsukaze, mwanamke wa pwani ya Suma anamngoja mpenzi aliyerudi mji mkuu, na mwishoni anauona msonobari akidhani ndiye. Matsu ni msonobari. Matsu ni kungoja. Mchezo mzima umesimama juu ya sauti hiyo moja, na hakuna msonobari wala mvinje utakaofanya kazi hiyo kwa Kiswahili.

Upande wa hesabu Kiswahili kimebahatika. Haiku huhesabiwa 5, 7, 5, na kinachohesabiwa huitwa on, ambapo n ya mwisho wa neno huhesabika peke yake: Nippon ni ni-p-po-n, hesabu nne. Washairi wetu nao huihesabu m ya “mtu” kuwa mizani kamili, m-tu, mbili. Kwa hiyo on ni mizani, na hapo hapahitajiki neno la kuazima.