Bagi imefungwa sawa, ila kwenye toleo gani?

Mifumo mingine ya kuripoti bagi, yaani hitilafu za programu, ina hali mbili tu, iko wazi au imefungwa, basi. Sasa mimi ofisini nina seva ya Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, ukiiprintisha PDF ya kurasa nyingi inatoa karatasi nyeupe, naenda kucheki ripoti nakuta bagi imeshafungwa kitambo, na hapo karatasi nyeupe ninayo mkononi. Imepona kwa nani?

Debian hili walishaliona zamani maana kwao pakeji moja, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, inaishi kwenye stable (tawi lililotulia), testing (la majaribio) na unstable (la mambo mapya) kwa wakati mmoja, kwahiyo ukiuliza bagi ipo au haipo, lazima useme unaulizia toleo lipi. Mimi hilo sikulijua, nikatuma reopen, amri ya kuifungua bagi upya, usiku usiku nikiwa na hasira zangu. Anayetunza pakeji akanijibu kwa upole ambao kwa kweli sikuustahili, kwamba reopen inafuta rekodi ya matoleo yaliyokwisha tengenezwa, yaani nimemfufulia bagi mpaka kule unstable alikoizika mwenyewe. Kumbe nilitakiwa kutuma mstari mmoja tu kwa control@bugs.debian.org, anwani inayopokea amri za mfumo wao wa bagi, wenye namba ya bagi na toleo langu:

found 123456 1.2-3

Hapo bagi inabaki imefungwa kwa 1.4-1, toleo aliloliponya yeye, ila 1.2-3 ya kwangu inaandikwa kuwa bado inaumwa. Na mfumo unasoma chenjilogi za pakeji, yaani orodha za mabadiliko ya kila toleo, kujua toleo gani limetoka kwa lipi, kama watu wanavyohesabu ukoo, halafu kwenye ukurasa wa bagi unachorewa mti wake, wagonjwa rangi nyekundu, waliopona kijani. Mimi nimeupenda huo mti jamani.

Amri ya fixed nayo inachanganya watu, yenyewe haifungi bagi, inaongeza tu toleo kwenye orodha ya yaliyopona. Kufunga unaandika kwa anwani ya namba ya bagi ikifuatiwa na -done, na mstari wa juu kabisa unaweka Version: 1.4-1. Wanaousahau huo mstari ndio nina ugomvi nao, maana ukifunga bila kutaja toleo mfumo unachukulia imepona kila mahali, na sisi wa stable tunaonekana tunaota.

Najua mtasema amri za kutuma kwa imeili ni mambo ya kale, na kweli, Ian Jackson alianza kuiandika hii programu 1994, na haiombi hata paswedi, yeyote anatuma. Mimi kinachonishinda ni kitu kidogo tu, mwisho wa amri unatakiwa kuandika thanks ili roboti inayopokea hizo imeili iache kusoma. Nilisahau, ikaendelea mpaka kwenye saini yangu, ikanijibu kwamba haiijui amri inayoitwa "Wasalaam".